Daftari la viumbe adimu: Jinsi taifa linavyoorodhesha wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka

WAHENGA walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii yamkini ilianzia madukani, pale mwenye bidhaa asiyeandika kilichoingia na kilichotoka hushtukia rafu tupu asijue mali ilikwendaje. Leo inafaa pia kwa misitu, mbuga, mito na bahari. Taifa lisilojua lina wanyama wangapi, wa aina gani na wanaishi wapi, haliwezi kujua ni lini wa mwisho aliondoka.

Chukua mfano wa korongo. Hapa hatumzungumzii ndege mwenye miguu mirefu, bali swala mkubwa mwenye uso wa madoa meusi na meupe na pembe zilizopinda kuelekea nyuma. Katika hesabu ya kitaifa ya wanyamapori iliyofanywa mwaka 2021, korongo waliopatikana nchini Kenya walikuwa 15 pekee, wote katika Mbuga ya Kitaifa ya Ruma iliyo kwenye bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay. Idadi hiyo haifikii hata wanafunzi wa darasa moja la shule ya msingi.

Ajabu ni kwamba katika orodha ya dunia, swala huyu hahesabiwi kuwa hatarini. Angali yuko kwa maelfu katika nchi nyingine za Afrika, hasa magharibi na kusini mwa bara. Endapo Kenya ingetegemea orodha ya dunia pekee, korongo wa Ruma angetoweka bila kengele yoyote kulia. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kila taifa kuwa na daftari lake: kiumbe kinaweza kuwa salama duniani ilhali kinakata roho nyumbani.

Makala haya yanaeleza madaftari hayo yalikotoka, jinsi kiumbe kinavyoingizwa humo, uzito wake kisheria hapa nchini, na mahali yanapopungukiwa.

CHIMBUKO LA KITABU CHEKUNDU

Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, unaofahamika kwa kifupi kama IUCN, uliasisiwa mwaka 1948 katika mji wa Fontainebleau, Ufaransa. Katika miaka ya 1960, wataalamu wake, akiwamo Mwingereza Sir Peter Scott, walianza kukusanya taarifa za wanyama waliokuwa wakipungua kwa kasi. Taarifa hizo ziliwekwa katika majalada yaliyoitwa Vitabu Vyekundu. Rangi nyekundu iliteuliwa kwa kuwa ndiyo rangi ya hatari.

Wazo hilo lilisambaa upesi, na mataifa yakaanza kuandika vitabu vyao. Marekani ilipitisha sheria ya viumbe walio hatarini mwaka 1973, ambayo ilianzisha orodha rasmi yenye nguvu za kisheria. Uingereza ilichapisha kitabu chekundu cha mimea yake mwaka 1977. Muungano wa Kisovieti ulitoa Kitabu Chekundu chake mwaka 1978, na hata baada ya dola hiyo kusambaratika, Urusi na mataifa mengine yaliyokuwa chini yake yaliendeleza desturi hiyo. Barani Afrika, Afrika Kusini iliweka mfano wa kuigwa mwaka 2009 ilipochapisha orodha iliyotathmini mimea yake yote ya asili, zaidi ya aina 20,000.

Orodha ya dunia nayo imekua. Kufikia miaka ya 2020 ilikuwa imetathmini aina zaidi ya 160,000 za viumbe, na kati ya hizo zaidi ya 40,000 zilionekana kutishiwa na hatari ya kutoweka.

NGAZI ZA HATARI

Hapo awali, kuingizwa kwa kiumbe kitabuni kulitegemea zaidi maoni ya mtaalamu. Mwaka 1994 IUCN ilianzisha vigezo vya nambari ili kila mtathmini, awe Nairobi au Moscow, atumie mizani moja. Vigezo vinavyotumika sasa viliidhinishwa mwaka 2000.

Ngazi zenyewe hupangwa kama ngazi za nyumba inayoteremka kisimani. Juu kabisa wapo viumbe wasio na wasiwasi. Wanafuatiwa na wanaokaribia kuwa hatarini. Kisha huja ngazi tatu ambazo kwa pamoja huitwa za kutishiwa: waliodhoofika, walio hatarini, na walio katika hatari kubwa mno. Chini yake wamo waliotoweka porini, yaani waliobaki kwenye vizimba na bustani pekee, na mwisho kabisa wapo waliotoweka duniani. Ipo pia ngazi ya viumbe ambao taarifa zao ni pungufu, na hii isichukuliwe kuwa cheti cha usalama.

Mtathmini hujiuliza maswali kadhaa. Je, idadi imepungua kwa kiasi gani katika muda wa miaka 10 au vizazi vitatu, kutegemea upi ni mrefu zaidi? Chini ya kigezo hicho, kupungua kwa asilimia 80 au zaidi kwa kawaida humtia kiumbe katika hatari kubwa mno. Asilimia 50 humweka hatarini. Asilimia 30 humwingiza miongoni mwa waliodhoofika. Je, eneo analoishi lina ukubwa gani, na limekatwakatwa vipande vingapi? Je, waliokomaa kiasi cha kuzaa wamebaki wangapi? Wakiwa chini ya 50, hilo pekee latosha kumweka kiumbe katika hatari kubwa mno.

Mnamo 2003 IUCN ilitoa mwongozo wa kutumia vigezo hivi katika nchi au kanda moja. Mwongozo huo unazingatia jambo ambalo ramani za siasa husahau: wanyama hawajui mipaka. Idadi ndogo ya kiumbe nchini Kenya inaweza kupewa nguvu na jirani zake wanaovuka kutoka Tanzania au Ethiopia. Kwa hivyo mtathmini wa kitaifa hana budi kuuliza pia iwapo wageni hao wangali wanakuja, au njia yao imezibwa na ua, barabara au shamba.

SHERIA YA KENYA

Kwa miaka mingi, sheria kuu ya wanyamapori nchini ilikuwa ile ya mwaka 1976. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na biashara ya nyara za wanyama ikafuata mwaka 1978. Sheria hiyo ilijihusisha zaidi na wanyama. Mimea iliachiwa sheria za misitu.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadili mtazamo. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya, nacho kifungu cha 69 kinaitwika serikali jukumu la kulinda mazingira na anuwai ya viumbe hai. Sheria mpya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ilipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Januari 2014. Ndani yake, neno la kisheria la viumbe wa porini linajumuisha mimea pia.

Jedwali la Sita la sheria hiyo ndilo daftari la kitaifa lenye meno. Limetaja wanyama na mimea kwa majina na kuwapanga kwa uzito wa hatari inayowakabili. Kiumbe akishatajwa humo, hali yake mahakamani hubadilika. Sheria ilivyopitishwa 2013 iliweka faini isiyopungua Sh20 milioni au kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu viumbe walio hatarini na nyara zao. Baadaye vifungu vya adhabu vilifanyiwa marekebisho, kwa vile mahakama zilitatizika kuvifasiri, na pia kwa kuwa haikuonekana haki kumpima aliyepatikana na kipande cha nyara kwa mizani ile ile ya aliyemuua mnyama.

Sambamba na sheria hiyo kuna Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Viumbe walio Hatarini, CITES, uliotiwa saini jijini Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975. Kenya imo tangu 1978. Mkataba huu una viambatisho vitatu. Viumbe wa kiambatisho cha kwanza, kama vile kifaru mweusi na kakakuona, hawaruhusiwi katika biashara ya kimataifa. Wa kiambatisho cha pili huuzwa nje kwa kibali tu, baada ya kuthibitishwa kwamba mauzo hayatawamaliza porini. Kiambatisho cha tatu ni cha viumbe ambao nchi moja imeomba wenzake wasaidie kudhibiti biashara yao.

WANYAMA WALIOMO UKINGONI

Hesabu ya mwaka 2021 ilitoa picha ya kutia moyo kwa wanyama wengine na ya kuhuzunisha kwa wengine. Ndovu walikuwa 36,280. Punda milia wa Grevy, mwenye mistari myembamba na masikio ya duara, walikuwa 2,649. Wengi wa jamii hii duniani wanaishi kaskazini mwa Kenya. Duma walikuwa 1,160 na mbwa mwitu 865.

Kifaru mweusi ndiye ushahidi kwamba daftari likifuatwa na vitendo huokoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400, waliosalia wakiwa wameuawa kwa ajili ya pembe zao. Hatua iliyochukuliwa ilikuwa kuwakusanya katika hifadhi zenye ulinzi mkali, zikiwamo Ziwa Nakuru, Lewa na Ol Pejeta. Vifaru hukatwa alama masikioni, na kupitia alama hizo askari wa doria humtambua kila mmoja, hujua alizaliwa lini na alionekana mara ya mwisho wapi. Hili ni daftari ndani ya daftari. Mwaka 2021 walihesabiwa kuwa 897.

Ndugu yake, kifaru mweupe wa kaskazini, hakuwahiwa. Vifaru wanne wa jamii hiyo waliletwa Ol Pejeta kutoka Jamhuri ya Czech mwezi Desemba 2009 kwa matumaini ya kuzaana. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa mnamo Machi 19, 2018. Waliosalia baada yake ni majike wawili, Najin na binti yake Fatu, na tumaini likabaki kwenye maabara ya wanasayansi.

Hirola ni swala wa Garissa na maeneo ya mpaka wa Somalia. Hana ndugu wa karibu duniani; ndiye pekee aliyebaki katika jenasi yake, hivyo akitoweka ukoo mzima utakuwa umefungwa. Miaka ya 1970 walihesabiwa kwa maelfu. Maradhi ya mifugo, ukame, ujangili na kugeuka kwa malisho kuwa vichaka viliwapunguza, na mwaka 2021 walipatikana 497. Wakazi wa Ishaqbini, ambao wengi wao ni wafugaji, walitenga sehemu ya ardhi yao, na mwaka 2012 hirola kadhaa wakawekwa ndani ya ua usiopitika na simba wala fisi.

Palahala, swala mwenye pembe ndefu zilizopinda kama jambia, alipatikana Shimba Hills pekee, idadi yake ikiwa 51. Bongo wa milimani, mwenye rangi ya kahawia iliyokolea na mistari myeupe, amejificha katika misitu ya Aberdare, Mlima Kenya, Eburu na Mau. Walioko porini hawafiki hata mia mbili. Mwezi Februari 2025 bongo 17 waliozaliwa katika jimbo la Florida, Marekani, waliletwa nchini ili vizazi vyao virudishwe msituni hatimaye.

Kando ya Mto Tana wanaishi nyani wawili wadogo wasiopatikana kwingineko duniani: mbega mwekundu wa Tana na mangabi wa Tana. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, yuko sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, pamoja na bundi mdogo wa Sokoke. Katika vilele vya Taita, ndege mdogo aitwaye apalisi wa Taita amebaki kwenye vipande vya msitu ambavyo mtu hodari huweza kuvizunguka kwa miguu. Nao tai wala mizoga, waliokuwa wa kawaida hata machinjioni, walipandishwa hadi ngazi ya hatari kubwa mno mwaka 2015, jamii kadhaa kwa pamoja. Sababu kubwa ni sumu: mfugaji aliyepoteza ng'ombe humtegea simba mzoga wenye sumu, na tai kwa makumi hulipia kosa lisilo lao.

MIMEA ISIYO NA WA KUILILIA

Ndovu akiuawa, habari hutangazwa jioni hiyo hiyo. Mti adimu ukikatwa, hakuna anayepiga mbiu. Mimea haikimbii, hailii wala haitazami mtu machoni, na kwa sababu hiyo husahaulika.

Msandali ni mfano mzuri. Mti huu mdogo wa maeneo makavu una mafuta yenye harufu nzuri yanayotafutwa na watengenezaji wa manukato. Kwa vile mafuta hayo yamo pia mizizini, wavunaji haramu huung'oa mzima badala ya kuukata, na hakuna kisiki kinachobaki kuchipua. Serikali ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Lakini marufuku ya nchi moja huvukwa na lori la usiku mmoja. Shehena zilipelekwa nje kupitia majirani. Ndipo mwaka 2013, Kenya na majirani zake walipofanikiwa kuuingiza msandali wa Afrika Mashariki katika kiambatisho cha pili cha CITES.

Muiri, mti wa misitu ya milimani, gamba lake hutengenezewa dawa ya uvimbe wa tezi dume inayouzwa Ulaya. Ukibanduliwa gamba kuzunguka shina lote, hukauka. Umo katika kiambatisho cha pili tangu 1995. Mishubiri ya porini nayo ililindwa kwa amri ya rais mwaka 1986, na kanuni za kuivuna kwa utaratibu zikatungwa mwaka 2007, pale ilipobainika kuwa kupiga marufuku pekee kuliwanyima wakazi wa nyanda kame riziki bila kukomesha magendo.

Lipo pia ua ambalo dunia nzima hulipanda madirishani bila kujua kwao. Ni urujuani wa Afrika, uliokusanywa katika milima ya Usambara, Tanzania, mwaka 1892. Kenya ina jamii zake, mojawapo ikiwa kwenye kilima cha Mbololo, Taita. Kwa hivyo, ua linalouzwa kwa wingi katika maduka ya Ulaya lina jamaa ambao makao yao yote ni msitu wa kilima kimoja.

Hata samaki wamo. Ngege, aliyekuwa kitoweo cha heshima kando ya Ziwa Victoria, aliporomoka baada ya uvuvi wa kupindukia na kuletwa kwa mbuta na sato wa kigeni katika miaka ya 1950 na 1960. Leo amewekwa katika ngazi ya hatari kubwa mno. Amebaki katika maziwa madogo ya pembeni, kama vile Kanyaboli huko Siaya.

MAPUNGUFU YA DAFTARI

Daftari si dawa. Kwanza, huchakaa. Jedwali lililopitishwa na Bunge hubadilika polepole, ilhali porini hali yaweza kugeuka kwa msimu mmoja wa kiangazi. Mwaka 2021, kwa mfano, IUCN iliwatenganisha ndovu wa Afrika kuwa jamii mbili, yule wa nyika akiwekwa hatarini na yule wa msituni katika hatari kubwa mno. Sheria ya nchi haiwezi kufuata kila badiliko kama hilo bila kurejea mezani.

Pili, huonyesha tunachokijua tu. Mamalia wakubwa huhesabiwa kwa ndege. Nani atamhesabu konokono wa mapango ya Kilifi, au nyasi ya bwawa linalokauka? Kazi hiyo huangukia wataalamu wachache wa Makavazi ya Kitaifa na hifadhi yao ya mimea mikavu jijini Nairobi, iliyoanzishwa Amani, Tanganyika, mwaka 1902 na kuhamishiwa Kenya mwaka 1950.

Tatu, uadimu una bei. Kutangaza mahali hasa ulipo mmea au mnyama wa nadra ni kumpa mwizi ramani. Ndiyo maana taarifa za makao ya baadhi ya viumbe hufichwa makusudi, nao wasomi hulazimika kupima kati ya elimu kwa wote na usalama wa kiumbe.

Nne, na pengine kubwa zaidi, daftari huandikwa mjini lakini gharama yake hulipwa kijijini. Anayelala macho akilinda mahindi yasiliwe na ndovu hana haja ya kuambiwa kwamba mnyama huyo ni adimu. Sheria ya 2013 iliahidi fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa na mnyama wa porini, Sh3 milioni kwa aliyepata ulemavu wa kudumu na hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine. Malipo hayo yakichelewa kwa miaka, kila jina jipya linaloongezwa daftarini huonekana kwa mwanakijiji kama adui mpya aliyepewa wakili wa serikali.

Kinyume chake, pale wakazi walipokuwa na daftari lao wenyewe, viumbe walidumu. Makaya ya Wamijikenda yalihifadhiwa na wazee kwa miiko karne nyingi kabla ya neno uhifadhi kuandikwa katika sheria. Hakuruhusiwa mtu kukata mti wala kuokota kuni ovyo. Mwaka 2008 UNESCO iliyatambua makaya hayo kuwa urithi wa dunia, na watafiti wamepata ndani yake miti ambayo imekwisha katika mashamba yanayoyazunguka.

KUTOKA ORODHA HADI VITENDO

Kumwandika kiumbe daftarini kunapaswa kuwa mwanzo wa mpango, wala si maandishi ya kaburini. Kifaru mweusi aliorodheshwa, akalindwa, akaongezeka. Hirola aliorodheshwa, na wafugaji wakamtengea ardhi. Msandali uliorodheshwa na nchi jirani zikakubali kuufungia mlango pamoja. Katika mifano yote mitatu palikuwa na mambo manne: hesabu ya kuaminika, sheria inayotekelezeka, fedha, na wakazi walioshirikishwa.

Korongo wa Ruma alikuwa na la kwanza: alijulikana ni wangapi na wako wapi. Palipo na wanyama 15 pekee, moto mmoja wa nyika, ugonjwa mmoja au mwaka mmoja wa mitego unaweza kufunga ukurasa. Mwenye duka aliyeandika kila kitu akakaa tu akitazama rafu zikiisha hana tofauti kubwa na yule asiyeandika kabisa. Tofauti yao ni kwamba yeye hatakuwa na udhuru wa kusema hakujua.